Bolti ya Pili

Siku mliyoniaga pale karakana Kitale, mmoja wenu alisimama na soda mkononi akasema kwamba mimi ndiye fundi pekee wa mradi wetu ambaye hajawahi kuangusha mabomba kisimani. Mkapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa, nanyi mkadhani ni unyenyekevu. Halafu mkaniomba niandike kumbukumbu zangu ili wanaokuja nyuma wajifunze. Nimekaa nazo nyumbani miezi miwili. Niliandika kurasa nyingi za habari za grisi na spana, nikazisoma, nikazichana. Hizi ndizo zilizobaki, na naomba mzisome kwa sauti mkiwa wote, hata mama anayewapikia chai.

Nilianza kazi ya pampu za mkono chini ya Mzee Hamisi. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu wa mjini Kitale, nyumba yake ilikuwa nyuma ya msikiti, na visima alijifunza akiwa kijana kwenye mashamba ya walowezi. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye pampu moja ya shule, akaniuliza ina ugonjwa gani. Nikafungua sanduku la vifaa. Akalifunga kwa mguu.

"Umeona daktari anapasua mtu kabla hajamuuliza jina?" akasema. "Piga maji, uhesabu."

Nikapiga maji mpaka mtungi wa lita ishirini ukajaa, huku nikihesabu. Kisha akaniambia tukanywe chai. Tuliporudi akaniambia nipige tena, nihesabu mapigo mpaka tone la kwanza litoke. Maji yakichelewa kutoka, vali ya chini inavuja. Yakitoka mara moja lakini kidogo kidogo, ngozi ya pistoni imelika. Hivyo tu, bila kufungua nati moja, unajua utakachokikuta ndani. Njia hiyo niliitumia mpaka wiki yangu ya mwisho. Nyinyi mnaoanza kwa kufungua bolti ndipo muulize, nimewaona, sikusema tu.

Mwaka mzima Mzee Hamisi hakuniruhusu kugusa kibano. Kwa ajili ya mama wa chai, ambaye hajawahi kukiona, nitaeleza. Ndani ya kisima kirefu mabomba ya chuma yameungana, moja juu ya jingine, mpaka chini kabisa. Ukitaka kuyatoa unayavuta juu, unafungua la kwanza, unavuta tena, unafungua la pili. Wakati unafungua la juu, uzito wa yote yaliyobaki unashikwa na kibano pale mdomoni mwa kisima. Ni mataya mawili ya chuma yenye bolti mbili. Ukikaza moja ukaiacha ya pili, kibano kitashika kwa muda, halafu hakitashika. Mabomba yakienda chini hayarudi, na kisima kimekufa.

Kwa hiyo alikuwa na sheria. Aliyeko kwenye kibano huweka kidole kwenye bolti ya kwanza, kisha ya pili, ndipo anasema "imeshika". Asiposema, wa juu hafungui. Na sheria nyingine, ambayo sijawafundisha nyinyi, mtaona kwa nini: kitu kikiharibika, mtu ambaye mkono wake umekiharibu ndiye anayekwenda kumwambia mama mwenyekiti wa kisima, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, siku hiyohiyo. Si ofisi, si barua. Mzee Hamisi alisema ofisi huandika na kusahau, lakini akina mama ndio watakaobeba mitungi kwenda mtoni.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili macho ya Mzee Hamisi yalianza kumsaliti, akarudi nyumbani. Nikaambiwa nitafute mwenzangu. Nikamleta mdogo wangu, Nyongesa.

Nyongesa ni mdogo wangu kwa miaka minne. Alikuwa seremala Bungoma, na mikono yake ilikuwa na subira kuliko yangu. Mimi nilikuwa mwepesi wa maneno, yeye alikuwa mwepesi wa kunyamaza. Tulipewa pikapu iliyokuwa nyeupe zamani, tukafunga nyuma miguu mitatu ya chuma ya kuvutia mabomba pamoja na mabomba ya akiba, na kwa miaka karibu minne tuliishi barabarani. Wiki hii upande wa Endebess, wiki ijayo Kiminini, kisha tunateremka Kamukuywa na Misikhu mpaka Webuye na Bungoma.

Nikiulizwa miaka gani ya kazi ilikuwa mizuri, ni hiyo. Asubuhi tukitoka Kitale kwenda Endebess, Mlima Elgon unakaa mbele yako njia nzima na mahindi yamekufunga kulia na kushoto. Nyongesa alipenda kuendesha polepole. Mara nyingine alisimamisha gari bila sababu, akashuka, akaegemea mlango na kutazama shamba la mtu.

"Unaangalia nini?" nilimuuliza mwanzoni.

"Naangalia tu, mkubwa."

Nilikuwa nikikasirika, nikimwambia petroli si maji. Baadaye nikazoea, nikawa nashuka pia. Tulisimama hapo, mimi nikivuta sigara na yeye akitafuna unyasi, tukitazama ng'ombe wa mtu tusiyemjua wakihamia kivulini. Kisha mmoja wetu anasema "haya", na tunaondoka. Kuelekea Bungoma nchi inashuka na joto linapanda, mahindi yanaachia miwa, mawe makubwa yanaanza kuchomoza mashambani. Tulilala kwenye stoo za makanisa na madarasa yaliyofungwa, blanketi moja. Kwa siku nzima tungeweza kusemezana maneno ishirini, na kumi yawe ya vipimo vya spana. Sisi tulilelewa kitanda kimoja. Hatukuwa na habari za kupeana.

Akinunua mahindi ya kuchoma, alivunja kati na kunipa nusu yenye punje nyingi. Nilikuwa naichukua. Sikumbuki hata mara moja nikimwambia chukua wewe.

Tulikutana na mengi. Upande wa Endebess kulikuwa na pampu iliyokatika mnyororo kila mwezi, tukawa tunalaumu kiwanda, mpaka tulipokuta mnyororo wetu shingoni mwa fahali wa katibu wa kamati ya kisima. Alituambia kwa uso mkavu kwamba ameuweka kwa usalama. Mahali pengine maji yalitoka mekundu na watu wakasema kisima kina damu. Ilikuwa kutu. Tulitoa bomba moja bovu, tukaweka jipya, na Nyongesa akanywa kikombe kizima mbele yao, kisha akakaa chini ya mti saa nzima ili waone hafi. Mimi nilitaka tuondoke. Yeye alisema watu wakiwa na hofu hawataki maelezo, wanataka kuona mtu amekaa.

Sasa nafika.

Kulikuwa na kijiji upande wa Matulo, si mbali na Webuye. Jina lake nitaliacha. Kisima chao kilikuwa kirefu, maji matamu, na kamati yao ilikuwa ya mfano. Mwenyekiti aliitwa Mama Rael, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe na watu kwa pamoja. Pampu ilikuwa imepoteza nguvu. Tulihesabu mapigo, tukajua ni vali ya chini, maana yake ni kutoa mabomba yote. Tukasimamisha miguu mitatu, tukawaweka akina mama nyuma ya kamba kwa ajili ya usalama, tukaanza.

Nyongesa alikuwa juu na spana kubwa. Mimi nilikuwa kwenye kibano. Akina mama walikuwa wengi siku hiyo, wamekaa na mitungi yao, na mimi nikiwa na watu wa kunisikiliza nakuwa mtu mwingine. Nilikuwa nawasimulia hadithi ya fahali na mnyororo. Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Mama Rael akasema, "Huyu fundi anaitwa Wekesa ni maneno tupu, bana!" na hilo likanipa nguvu zaidi. Tulikuwa tumeshatoa mabomba matano. Kumi na mawili yalibaki chini.

Nikakaza bolti ya kwanza. Bolti ya pili niliizungusha kwa vidole tu, nikakusudia kuirudia kwa spana nikimaliza sentensi. Sentensi ikawa tamu. Nikasema, "Imeshika."

Nyongesa hakuangalia kibano. Kwa nini aangalie? Nilikuwa nimesema. Akazungusha bomba la juu likafunguka, akaliinua, akaligeukia ili kuliweka kando.

Hakikuwa kishindo kikubwa. Kibano kiliruka kikanigonga kiganja, halafu tukasikia mabomba yakishuka yakikwaruza ukuta, kwa muda mrefu kuliko mnavyofikiri, kisha yakagonga chini. Mtungi wa mtu ulianguka ukaviringika, hakuna aliyeuokota.

Mama Rael alipita chini ya kamba. Sisi wawili tulikuwa tumeinama juu ya shimo, ovaroli za rangi moja, grisi mpaka viwikoni, na kutoka nyuma ya kamba hakuna aliyeweza kuona mkono wa nani ulikuwa wapi.

"Hiyo chuma," akasema, "ni nani alikuwa ameshika?"

Nilijua sheria. Maneno mawili tu yalitosha: ni mimi. Nimejaribu miaka yote hii kujieleza kwamba nilichanganyikiwa, kwamba kiganja kilikuwa kinauma, kwamba fundi mkuu akijulikana ameua kisima hakuna kijiji kitamfungulia tena mlango. Yote yalikuwemo, lakini si kweli kwamba nilichanganyikiwa. Nilifikiri vizuri kabisa. Niliogopa uso wa mwanamke aliyekuwa akicheka nami dakika moja iliyopita.

Nikasema, "Nyongesa."

Mdogo wangu aliniangalia. Hakuwa na hasira, alinitazama tu. Kisha akavua kofia, akamgeukia Mama Rael.

"Ni mimi, mama. Mtusamehe."

"Ati mtusamehe," akasema Mama Rael. "Wenzako wanaongea, wewe umelala na kazi mkononi? Sasa mimi niambie hawa watu nini? Turudi kwa mto?"

"Ni mimi," akasema tena.

Tulijaribu kuyavua mabomba yale kwa ndoana siku tatu. Siku ya tatu ndoana ikanyooka. Mama Rael akaleta jiwe lake la zamani la kusagia, akaziba nalo mdomo wa kisima ili watoto wasianguke, akaondoka bila kutuaga. Siku hizo zote tatu hakuna aliyempa Nyongesa chai. Mimi nilipewa. Niliinywa.

Kurudi Kitale nilishika usukani mimi. Hatukusimama mahali popote. Tulipofika Kamukuywa aliongea kwa mara ya kwanza.

"Mkubwa, ofisini utawaambia wewe ama nitawaambia mimi?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria kitu chochote. Alikuwa ananifungulia mlango. Angenisikia nikisema ukweli palepale kwenye gari, angeupokea na tungeyamaliza wawili. Nikasema, "Nitaandika." Na nikaandika. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika aliyekuwa kwenye kibano. Nikaandika jina lake kwa mwandiko mzuri. Wiki iliyofuata aliambiwa arudishe ovaroli. Alitoa sweta yake nyuma ya kiti cha pikapu, akaikunja, akaniambia nisisahau kubadilisha maji ya betri. Akaenda Endebess, akakodi shamba dogo, akalima mahindi na vitunguu.

Mnadhani aibu inaishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Mwaka uliofuata mlianza kuja nyinyi, na nikapewa kazi ya kuwafundisha. Somo la kibano lilihitaji mfano. Nikawaeleza kisa cha mtu mmoja aliyeacha bolti ya pili akiwa anasikiliza maneno ya wenzake. Mwanzo sikumtaja jina. Kisha mmoja wenu akauliza, "Alikuwa nani?" nikajibu, "Anaitwa Nyongesa." Sikusema Nyongesa wa nani. Kisa kikanoga kila mwaka. Nikaongeza kwamba alikuwa mtu wa usingizi. Nikaongeza kwamba nilimwonya mara mbili. Nyinyi mkakipenda, kikawa msemo wenu wa kazi, na mimi nimesikia vijana ambao hawajawahi kumwona wakiambiana mbele ya kibano, "Angalia, usifanye Nyongesa." Nilikuwa nikisikia, natabasamu.

Kuanzia leo msiutumie msemo huo tena. Na kama hamwezi kukaza bolti bila jina la mtu, basi semeni Wekesa. Hilo ndilo jina sahihi, na mlitumie hata nikiwa nimekuja kuwatembelea.

Mwaka wangu wa mwisho kazini mjomba wetu alifariki, na mazishi yalikuwa ng'ambo ya Lugulu. Niliazima pikapu ya jirani anayepeleka maziwa, nikampitia Nyongesa Endebess. Kwa miaka hiyo tulikuwa tunaonana Krismasi na matangani, tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto. Hakuwahi kutaja lile. Alikuwa amekonda na kichwa kimeota mvi kabla ya changu. Tuliteremka kimya kama zamani, na baada ya Kiminini akaniomba nisimame. Tukashuka, tukatazama shamba la mtu. Nilifurahi kama mjinga. Nilijiambia, unaona, ameshasahau.

Karibu na Misikhu tukaikuta gari ya mradi kando ya barabara, na wawili wenu mmesimamisha miguu mitatu kwenye kisima cha soko. Mnajijua, na siwalaumu hata kidogo. Mlinipungia mkono, nikasimama kuwasalimia. Nyongesa naye akashuka, akasogea kutazama kazi, mikono nyuma kama mzee wa kanisa. Mmoja wenu alikuwa kwenye kibano. Aliyekuwa juu akapaza sauti, akacheka, kwa kuwa mimi mwalimu wake nilikuwa hapo na alitaka nione wanakumbuka.

"We! Kaza ya pili bana, usifanye Nyongesa!"

Mdogo wangu akageuza shingo. Aliitikia, kama mtu yeyote anavyoitikia akisikia jina lake. "Eeh?" akasema.

"Pole mzee, si wewe," kijana akamwambia kwa heshima. "Ni jamaa fulani wa zamani aliua kisima. Muulize mwalimu, yeye ndiye anajua hiyo story."

Nyongesa akaniangalia. Watu wa soko walikuwepo, nyinyi mlikuwepo, na safari hii hapakuwa na kisima kilichokufa wala mama wa kumwogopa. Ilikuwa niseme tu: huyu ndiye, na hakufanya. Nikaangalia saa yangu. Nikasema tutachelewa mazishi.

Tulienda kama kilomita tano kabla hajasema kitu.

"Ni vijana wazuri," akasema. "Wanakaza vizuri."

Kaburini nilipoombwa nizungumze kwa niaba ya familia, nilikataa, na watu wakasema Wekesa leo ameguswa na msiba.

Nilipostaafu, na nyinyi mkanipigia yale makofi, sikulala vizuri wiki nzima. Mke wangu aliuliza ninaumwa wapi, nikamweleza. Alinisikiliza huku anachambua mboga. Aliweka sinia chini, akaniambia ametembelewa na shemeji yake miaka yote hii, akiketi kwenye kiti hicho, na kama angejua angempikia tofauti. Kisha akaingia ndani. Asubuhi nikaenda Endebess.

Nilimkuta Nyongesa akitengeneza mpini wa jembe. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia yote, la bolti, la fomu, la msemo, nikalia mbele ya kuku zake. Aliendelea kukwangua mpini.

"Mkubwa," akasema mwishowe, "mimi si nilikuwa hapo? Sasa unaniambia kitu gani mpya?"

"Naomba msamaha."

"Hiyo kisima haikuwa yangu." Akajaribu mpini mkononi, akauweka kando. "Kama unataka kusema, twende kwa mwenyewe. Kesho nilikuwa naenda huko hata hivyo."

Sikuelewa maneno yake ya mwisho, na niliona haya kuuliza. Nikarudi nyumbani, jirani akaniachia tena pikapu. Asubuhi iliyofuata nikampitia, tukaondoka na jembe lile jipya nyuma, kamba nzito na ndoo mbili. Ulikuwa wakati wa kiangazi, mahindi yameshavunwa, mashamba yamebaki mabua, mlima umefunikwa na moshi wa watu wanaochoma shamba. Nyongesa hakuniomba nisimame mahali. Karibu na Kamukuywa nilipunguza mwendo mwenyewe nikamwangalia. Akatikisa kichwa. "Twende tu," akasema. Nikaendelea.

Mama Rael alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini ile sauti haikuwa imezeeka. Alitoka nje kabla hatujafunga milango ya gari.

"Nyongesa! Tulisema huyu mwaka huu amekuwa mgonjwa. Ulipotelea wapi? Karibu, baba, karibu." Akamshika mikono yote miwili. Kisha akaniangalia mimi. "Na huyu mzee ni nani?"

Hakunitambua. Nilitaka sana abaki hivyo. Wanawake wengine walikuwa wameanza kuja, wakimsalimia mdogo wangu kwa jina, mmoja akimpa pole ya mjomba. Nikauliza wanamjuaje.

"Tunamjuaje?" Mama Rael akacheka. "Wewe humjui mtu umekuja naye? Huyu ndiye aliua kisima yetu. Halafu mwaka ulifuata, wakati wa jua, akakuja na jembe. Akasema nimekuja kuchimba ingine. Tukamfukuza. Akakaa hapo kwa barabara siku mbili. Ikabidi tumwachie. Alichimba peke yake miaka mbili, wakati wa jua, sisi tunavuta mchanga. Na kila jua anarudi anasafisha. Ile tulikasirika ilienda, tukamwambia tumekusamehe."

Alinionyesha kwa fimbo. Chini ya mteremko kilikuwepo kisima cha mkono, mdomo umejengwa kwa mawe, kina kifuniko cha mbao kilichorandwa na seremala. Mdogo wangu alikuwa akija hapa kila kiangazi, na mimi kila kiangazi nilikuwa Kitale nikiwafundisha nyinyi jina lake.

Nikamwambia. Nilisimama wima, nikavua kofia, nikasema mimi ni fundi Wekesa, yule wa maneno, na mkono uliokuwa kwenye kibano ulikuwa wangu, na niliposema Nyongesa nilisema uongo. Nilisema mara moja tu, kwa sababu hakuna aliyeniambia nirudie.

Mama Rael alimtazama Nyongesa, naye akatazama chini, kama vile yeye ndiye aliyekamatwa.

"Kwa hivyo hii miaka yote," akasema Mama Rael polepole, "sisi tumesamehe mtu hakutukosea."

"Mama," Nyongesa akasema, "hiyo msamaha mlinipa mimi sikuitumia. Mpeni yeye."

"Si shuka hiyo, ati utoe kwako upeleke kwa mwingine. Yako ni yako." Akanigeukia. Alinitazama kwa muda mrefu, kofia mkononi mwangu, viatu vyangu vya kustaafu. "Wewe sina kitu ya kukupa leo. Lakini kisima imejaa mchanga. Huyu alikuwa ashuke. Toa hiyo shati, shuka wewe."

Nikavua shati. Nikavua viatu, nikakunja suruali mbele ya wanawake walewale, au binti zao. Kina chake ni futi thelathini hivi. Mtu anashuka kwa kamba kiunoni, akikanyaga vishimo vya ukutani, na mwingine juu anamshikilia mpaka miguu iguse chini. Akina mama walitaka kushika kamba wawili watatu. Nyongesa akawaambia wakae, atashika mwenyewe. Akanifunga kiunoni, akapitisha kamba nyuma ya mgongo wake, akakita miguu kwenye mawe.

"Polepole, mkubwa," akasema. "Niko hapa."

Nikateremka. Kishimo cha tatu kilikuwa kimebomoka, mguu ukakosa pa kukanyaga, nikaning'inia hewani na uzito wangu wote. Kamba haikusogea hata upana wa kidole. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na nimeona kila namna ya hatari mdomoni mwa kisima, lakini pale nilipokuwa naning'inia sikuwa na hofu hata kidogo. Nilijua hataniachilia. Sijawahi kuona aibu kubwa kama ile.